Kifuniko Kilichobonyea

Nekesa mjukuu wangu, uko salama huko mbali? Sisi hapa Kabiro tuko wazima, na mjomba wako amepata kibanda Soko la Toi.

Unasema kompyuta hukupa namba za kubahatisha, lakini ukianza na namba ileile inakurudishia zilezile. Unauliza kama hiyo ni bahati kweli.

Zamani kule Mashimoni, zamu za maji tulizipanga kwa vifuniko vya soda. Kila mwanamke alitia chake katika mfuko mmoja, kisha Mama Auma, aliyesimamia bomba, alifumba macho na kuchomoa kimoja kimoja. Changu, kilichobonyea, kilitoka cha kwanza kila asubuhi. Nikajiona nina bahati ya ajabu.

Siku moja niliviona vidole vya Mama Auma vikipapasa polepole, vikitafuta. Wenzangu wote walikuwa wakiviona pia. Walitazama tumbo langu, mama yako akiwa ndani, wakanyamaza.

Kukhu wako