Supu Iliyotiwa Mkono

Kabini ya Wapishi,
Ghorofa ya Chini Kabisa, Melini.
Jumatano, tarehe 9, saa tisa alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla hata ya kuvaa miwani. Goti linaendeleaje? Limekubali ile dawa ya kuchua, au bado mnagombana nalo kila ukipanda ngazi za hospitali? Na presha je? Usiniandikie "tunasukuma siku," niambie ukweli. Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala, hata nimenenepa kidogo. Roho tu ndiyo haijatulia, na ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu. Tafuta mahali ukae.

Barua yako niliipata tulipotia nanga wiki iliyopita, nami nimeisoma mara nne. Unastaafu mwisho wa mwaka, jiko la hospitali linahitaji mpishi mkuu mwingine, na karani anataka jina kabla mwezi huu haujaisha. Halafu, kwa vile wewe ni wewe, umeniuliza kwa mstari mmoja tu: niandike jina lako au nisiandike? Nitakujibu. Lakini nikijibu bila kueleza utadhani nimechanganyikiwa, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza nitubu. Miaka sita nimekuwa nikikuandikia kwamba napika kwenye meli ya kitalii ya fahari, yenye ukumbi wa chakula wa taa za vioo na wahudumu wa glavu nyeupe. Taa zipo na glavu zipo. Neno moja tu lilikuwa la uongo, nalo ni "napika." Mimi sipiki, Shangazi. Napasha moto.

Kuku anatufikia ameshakatwa, ameganda kama tofali, na mgongoni ana mistari myeusi kana kwamba ametoka kwenye makaa sasa hivi. Hajawahi kuona kaa hata moja! Mistari hiyo imechorwa na mashine huko kiwandani. Mayai yanakuja kwenye boksi, unayamimina kama maziwa. Na supu, ambayo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, inatoka kwenye ndoo: rojo la kahawia, unapima, unatia maji ya moto, unakoroga, unafunika. Hata Mjomba, ambaye hajui chumvi inakaa wapi katika nyumba yake mwenyewe, angeiweza.

Abiria wanakula kwa zamu mbili, saa kumi na mbili na saa mbili na nusu, lakini chakula chote kinaiva kwa pamoja saa kumi. Cha zamu ya pili kinakaa kwenye kabati la moto kinasubiri. Samaki akitoka humo, unaweza kumsugulia masufuria. Basi anawekwa kwenye sahani kubwa, anafunikwa mfuniko unaong'aa, mhudumu anakwenda naye kwa madaha hadi mezani, anafunua kwa mbwembwe, na mtu wa watu anatazama ndani anaona kile kitu. Jina lake kwenye menyu lina mistari mitatu. Ladha yake haifiki hata nusu mstari.

Wakubwa wetu wanasema ni kwa sababu watu ni wengi. Loo! Hapo ndipo hasira hunipanda. Wewe umepikia wagonjwa mia nne kwa masufuria matano na jiko lenye kichomeo kimoja kibovu, na wagonjwa hao, wengine na drip mkononi, walikuwa wanatuma watu kuomba nyongeza. Mimi niliyaona kwa macho yangu nikiwa nakumenyea vitunguu. Kwa hiyo wasinidanganye na habari za wingi.

Ukweli nimeujua baada ya muda. Ghorofa ya juu kuna ukumbi mwingine mdogo wa kulipia zaidi, na huko nyama ni nyama, kuku anakuja mzima na mifupa yake, na mpishi anaruhusiwa kukata kitunguu. Chakula cha chini kikiwa kibaya, wa chini wanapanda juu. Hakuna aliyelisema waziwazi, lakini ukikaa jikoni miaka sita huhitaji kuambiwa. Na wasioweza kupanda juu, wazee waliodunduliza maisha yao yote wapate safari hii moja, wanakaa pale chini wakitafuna na kujifariji ati mandhari ni mazuri.

Sasa nije kwenye mkasa wenyewe. Siku kumi na mbili zilizopita ndoo za rojo hazikupakiwa. Kontena lilibaki bandarini. Mpishi mkuu, ambaye sisi tunamwita Kipimo kwa sababu anatembea na mizani ya mfukoni, alikuja asubuhi uso umemshuka, akaniambia nichemshe maji, nitie unga na chumvi, iitwe supu hivyo hivyo. Nikasema sawa, mkuu. Alipogeuka tu, nikapanda juu kwa wale wenzetu wa ukumbi wa kulipia, nikawaomba mifupa ya kuku waliyokuwa wanaitupa. Walinipa ndoo mbili tele.

Shangazi, nilichemsha mifupa ile tangu saa tatu asubuhi. Nilikaanga vitunguu polepole hadi vikawa rangi ya asali, kama ulivyonifundisha, bila haraka, kwa moto mdogo. Chumvi nilitia, nikaogopa, nikaonja, sikuamini ulimi wangu, nikamwita Mzee Mkate aje aonje. Huyu ni mwokaji wetu, ndiye peke yake humu tunayesemezana naye kwa lugha yetu. Akaonja, akaniangalia, akaniambia niache kumsumbua, niipeleke.

Ikaenda. Kwenye meza ya kona hukaa bibi mmoja anayesafiri peke yake, ana gongo na shali ya buluu. Wahudumu wanasema tangu apande melini alikuwa anasukuma sahani tu. Siku hiyo alikula bakuli la kwanza, akaomba la pili, akaomba la tatu. Kisha akachukua ile kadi ya maoni wanayowawekea mezani, akaandika: "Supu ya leo kapika nani? Nataka kumwona."

Ungedhani ningepewa pongezi, sivyo? Wee! Kadi ilikwenda kwa meneja, meneja akamwita Kipimo, na kesho yake saa nne asubuhi nikaitwa ofisini mimi. Kumbe tatizo si supu kuwa mbaya. Tatizo ni supu kuwa tofauti. Supu ya meli hii lazima ifanane na supu ya meli zao zote, siku zote, na mtu akiulizia mpishi maana yake kuna mtu ametoka nje ya karatasi ya mapishi. Nikaulizwa: umetia nini ambacho hakimo kwenye karatasi?

Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Unajua sisi kwetu tunavyosema chakula kina mkono wa mtu, au hakina mkono. Wewe mwenyewe ulikuwa ukionja cha jirani, ukitoka tu unasema, "Kimeiva, ila hakina mkono." Basi mimi, kwa kujivuna na lugha yangu ya kuungaunga, nikawajibu neno kwa neno katika lugha ya meli: "Hakuna cha ajabu. Nimetia mkono wangu."

Meneja akaweka kalamu chini. Kipimo akauangalia mkono wangu. Akaniuliza, mkono gani? Nami kwa ujinga wangu nikauinua wa kulia, huku natabasamu.

Jamani, Shangazi! Ndani ya nusu saa nesi wa meli alikuwa ananikagua kucha moja moja. Ubao ukabandikwa mlangoni kwamba sehemu ya supu imefungwa. Wakaniuliza nilikitumbukiza kiganja au mkono hadi kwenye kiwiko, na kwa muda gani, na supu ilikuwa na joto kiasi gani, nami nikawa nashangaa watu hawa wana akili timamu kweli, supu inachemka mtu atumbukizeje mkono? Nesi akatumwa hadi kwa yule bibi wa kona kumuuliza kama tumbo linamsokota. Bibi akajibu kwamba tumbo lake halijawahi kuwa na furaha namna hii tangu apande chombo hiki, na kama wamebakiza bakuli moja wamletee.

Walikuwa wamebakiza lita sitini. Ilikuwa kwenye chumba cha baridi, nimeihifadhi kwa ajili ya chakula cha mchana. Wakaimwaga yote mbele ya macho yangu. Na nikuambie jambo moja: kabla hawajaimwaga, Kipimo alipasha kidogo akaonja kijiko kimoja. Akafuta kijiko. Akachota tena. Akala kijiko cha pili, cha tatu, amenipa mgongo. Halafu akasema, "Mwageni." Huyo mtu zamani alikuwa mpishi. Iliniuma kuliko kama angeitema.

Mzee Mkate alipopata habari alicheka hadi akakaa juu ya gunia la unga, machozi yanamtoka. Baadaye akajifuta, akaenda ofisini kuwaeleza kwamba mkono ni maneno tu, ni jinsi tunavyosema mtu anajua kupika. Wakamwelewa. Meneja hata alicheka. Nikasema haya, yamekwisha.

Hayakwisha. Juzi Kipimo ananipa karatasi nisaini. Imeandikwa kwamba mimi, mpishi wa supu, naahidi kutotia tena mkono wangu katika chakula cha abiria. Nikamwambia, mkuu, si mmeshaelezwa? Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma, kwamba ameelezwa vizuri na ameelewa vizuri. Mkono wa nyama au mkono wa maneno, yote mawili hayatakiwi. Ndipo nikajua sina tena cha kumweleza mtu huyu.

Kuna utaratibu humu kwamba ukipewa karatasi kama hiyo, unaandika chini yake kwa lugha yako kwamba umeelewa, na mtu anayeijua lugha hiyo anashuhudia. Kipimo akanipa kalamu. Nikaandika hivi: "Nimeelewa. Sitatia mkono wangu tena katika jiko hili. Mkataba wangu ukiisha tarehe thelathini, naondoka na sirudi." Nikamsogezea Mzee Mkate. Akasoma, akakohoa, akasoma tena, masharubu yanamcheza. Akatia sahihi yake pale pa shahidi. Kipimo akaipiga mhuri, akanishukuru kwa ushirikiano, akaiweka kwenye faili langu.

Kwa hiyo niandike, Shangazi. Mpe karani jina langu, mwambie aliandike kwa wino.

Ila sasa nikuambie ninachoogopa, kwa sababu nisipokuambia wewe sina wa kumwambia. Supu ile moja haitoshi kunipa uhakika. Umesikia nilivyoiogopa chumvi, mimi niliyekuwa naitia huku nimeangalia pembeni. Miaka sita ya kukoroga rojo si mchezo. Huenda mkono ulinirudia siku moja tu kwa sababu ya hasira, ukaondoka tena. Bibi wa kona alikuwa na njaa ya wiki mbili, angesifu hata maji ya uvuguvugu. Wagonjwa wako je? Wale wamekuzoea wewe.

Basi nakuomba, usiondoke siku ile ile ninayofika. Kaa nami jikoni wiki moja, kwenye kile kiti chako karibu na dirisha. Usinisaidie. Nipike, nikuletee, uonje mbele ya watu wote. Kama kinafaa, vua aproni yako uende ukapumzishe goti. Kama hakifai, usinionee huruma hata kidogo kwa sababu mimi ni mtoto wa kaka yako. Niambie kama ulivyokuwa unawaambia majirani, usoni, kwa sauti ile ile. Nitamwaga mwenyewe nianze upya.

Nisalimie Mjomba, na umwambie nimemtaja kwa wema. Msalimie Mama Pacha na pacha wake, dada fundi cherehani, na kaka dereva wa gari la wagonjwa ambaye nadhani bado anakula jikoni kwako bila kuandikishwa. Wauguzi wa wodi ya watoto pia, wale wanaonikumbuka.

Mungu akulinde, akupe miguu ya kusimama mpaka nifike, na aulinde ulimi wako, maana nitauhitaji.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
mpishi wa supu kwa siku ishirini na moja zilizobaki.