Fuata Sampuli

Jumatatu, 3 Machi

Mpira haukai. Siku ya tisa hii. Nawasha mota, pampu inanguruma, tangi linajaa hewa, hewa inatoka kwa nguvu kwenye mdomo wa tangi – mpira unapanda shibiri moja, unayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake, halafu pu! Uko chini ya meza. Leo nimeinama kuuokota mara thelathini na kitu, mpaka kiuno kinalia.

Anachotaka Bosi Mdogo, mwenye kiwanda chetu cha midoli, ni kitu kimoja tu. Mtoto abonyeze kitufe, mpira uelee hewani bila kushikwa na chochote. Akichoka na mpira aweke kifaranga cha plastiki, kikombe cha karatasi, chochote chepesi, nacho kielee. Kusema ni rahisi. (Ameanza kuota mvi, lakini ataitwa Bosi Mdogo mpaka afe. Bosi Mkubwa alikuwa baba yake.)

Shangazi wa ukaguzi amechungulia mlangoni kuuliza kama siku hizi nafungua saluni. Eti kelele za mashine ya kukausha nywele zinamfuata mpaka kwake. Nimecheka kwa adabu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Umekaa! Dakika nne nzima, kimo cha shibiri na nusu, umetulia kama umetundikwa.

Siri ilikuwa kupunguza hewa, si kuongeza. Na wazo si langu, ni la Mzee Milimita, fundi wetu wa kalibu za kumiminia plastiki. Alisimama nyuma yangu na kalipa yake ya kupimia mfukoni, akatazama, akasema tangi linahitaji tundu la pembeni, dogo, kama kichwa cha kiberiti. Hewa ikizidi, itokee hapo. Nikamuuliza, kwa ajili ya mpira? Akasema kwa ajili ya mpira pia, lakini hasa kwa ajili ya mtoto. Mtoto ataziba ule mdomo kwa kiganja, hilo halina mjadala, yeye ana wajukuu tisa na anawajua. Sasa hewa iende wapi?

Nimelichora tundu kwenye mchoro na kuandika pembeni: TUNDU LA PUMZI, LISIZIBWE. Kwa herufi kubwa. Mimi mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi Mdogo amekuja kuona. Ametazama mpira, amenitazama mimi, ametazama mpira. Kisha akagusa tai yake, hapa kifuani. "Nataka ufike hapa." Nikamweleza habari za tundu. Akasema mnunuzi anakuja Ijumaa, na mnunuzi hatasafiri kuja kutazama mpira unaoelea kimo cha kuku.

Nikasema haiwezekani. Akasema, "Wewe si ndiye mbunifu?" Akaondoka.

Nimekaa nikiutazama mpira kwa chuki. Mpira wa watu, haujanikosea chochote.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeziba tundu. Tone la gundi, msasa kidogo, rangi ya kupuliza. Huwezi kujua kama liliwahi kuwepo. Hewa yote sasa inatokea mdomoni, na mpira umepanda mpaka kifuani. Kifuani kwangu, na mimi si mfupi.

Ni kwa ajili ya maonyesho tu. Mnunuzi akishaondoka nachukua keekee, nazibua, dakika mbili. Sikumwambia mtu kwa sababu hakuna cha kumwambia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeiweza!

Mnunuzi ni mama mmoja mkavu, miwani juu ya kichwa, hacheki bila sababu. Alipoona mpira umefika usawa wa shingo yake aliweka mkoba chini. Akaweka kifuniko cha kalamu yake, kikaelea. Akaweka karatasi ya peremende, ikaelea inazunguka. Mwisho akapiga makofi, mtu mzima yule.

Bosi Mdogo hakungoja. Akazima, akaigeuza sampuli, akatia sahihi kwenye kitako kwa kalamu nyekundu. Akaifungia kabatini, ufunguo akatia mfukoni.

Hapo nikakumbuka tundu. Kwetu sahihi nyekundu ni sheria, aliiweka Bosi Mkubwa. Michoro inabadilika kila siku, watu wanagombana juu ya mchoro upi ni wa mwisho, kwa hiyo kinachotengenezwa ni kile kilichotiwa sahihi. Fundi anapima sampuli, anachonga kalibu. Na akiona sampuli na mchoro havipatani, anasimamisha kazi na kumuuliza mbunifu. Basi. Kila anayeajiriwa hufundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Ningesema palepale. Lakini mnunuzi alikuwa ananishika mkono, Bosi ananisifia, Shangazi ananikonyeza. Utasemaje wakati huo kwamba umewadanganya?

Nyumbani, mama yangu amenisifu pia, jambo linalotokea mara chache kama kupatwa kwa jua. Jumatatu nitasema.

Jumatatu, 17 Machi

Sikusema. Bosi alikuwa kwenye simu mchana kutwa, anawaambia watu "mpaka kifuani, mpaka kifuani."

Jumanne, 18 Machi

Niandike yote, maana hapa hakuna wa kumdanganya.

Saa nne Mzee Milimita alikuja mezani kwangu na mchoro mkono mmoja, sampuli aliyokabidhiwa na Bosi mkono wa pili. Miwani imeshuka puani. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwenye mchoro naona tundu. Kwenye sampuli silioni. Nifuate ipi?"

Bosi Mdogo alikuwa hatua sita kutoka pale, anaongea na watu wa maboksi. Angesikia kila neno.

Nikasema, "Fuata sampuli."

Akauliza, "Una hakika?"

Nikamjibu kwa macho makavu. "Ndiyo, Mzee."

Alinitazama kidogo. Si sana. Akasema, "Haya, mwanangu," akaenda zake.

Huyu ndiye aliyenitoa kwenye kufungasha. Miaka minane iliyopita nilikuwa nimekaa chini na gamu mkononi, nachora kwenye ubavu wa boksi wakati wa mapumziko, akapita, akasimama, akaniuliza kile nilichochora kinafunguka vipi. Kesho yake akanipa kalipa nishike. Mwaka mzima alinifundisha kupima, wala hakuwahi kunipigia kelele. Leo nimemdanganya kwa maneno mawili, kisha nikaenda kunywa chai.

Jumapili, 23 Machi

Mama ameona sahani yangu imerudi kama ilivyokwenda. Ameniuliza kama tatizo ni mwanaume. Nikasema si mwanaume. Akasema basi ni kazi, na kama ni kazi nile, kwa sababu kazi haijawahi kumhurumia mtu mwenye njaa.

Nimejipa hoja tatu. Plastiki ya tangi ni nene. Pampu ni ndogo. Shangazi atakagua, kikiwa na kasoro atakiona. Hoja nzuri zote. Nazirudia tangu asubuhi, na bado hazinitoshi.

Alhamisi, 27 Machi

Kalibu imekamilika. Nzuri mno, imeng'aa, huoni hata mkwaruzo. Toleo la kwanza, vipande arobaini, limetoka leo. Mzee Milimita amenipa kimoja nishike. Amesema hii huenda ndiyo kalibu yake ya mwisho kubwa, amebakiza miezi saba astaafu, na amefurahi kwamba imekuwa kazi yetu sisi wawili.

Sikuweza kumtazama.

Jumatatu, 31 Machi

Shangazi ameumia.

Shangazi anakagua kwa kufanya kila ambacho mtoto angefanya. Anaangusha, anang'ata, anakalia, anaziba. Ndiyo kazi yake, ameifanya miaka ishirini na mzaha mdomoni. Vipande vitano vya kwanza aliviziba kwa kiganja, vikanguruma tu. Cha sita kilipasuka. Mlio ulifika mpaka kwangu na nikajua kabla sijainuka kwenye kiti.

Kipande cha tangi kimempasua juu ya nyusi. Damu ilijaa kwenye koti jeupe, akawa anauliza miwani yake iko wapi, na miwani anayo mkononi. Ameshonwa nyuzi nne. Daktari amesema upana wa kidole tu chini zaidi, jicho lingekwenda.

Nilimshika mkono njia nzima ya kwenda zahanati. Akaniambia nisilie, ameshaumwa na wanasesere wengi, huyu ni mmoja tu. Ananifariji mimi! Nilitamani anizabe kibao.

Jumanne, 1 Aprili

Bosi Mdogo ametuita ofisini, mimi na Mzee. Mchoro umetandazwa mezani, sampuli juu yake. Akaweka kidole kwenye maandishi yangu. Tundu la pumzi, lisizibwe. Akaniuliza mbona sampuli haina tundu.

Nilikuwa nimelala na jibu. Nikasema sampuli ilikuwa ya maonyesho, tundu lilikuwa liongezwe baadaye, ndiyo maana lipo kwenye mchoro. Kila neno ni kweli ukilitazama peke yake. Yakikaa pamoja ni uongo mtupu.

Bosi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akamgeukia Mzee. Sauti yake ilikuwa ya heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Mzee wangu, uliona tofauti?"

"Niliiona."

"Na sheria yetu unaijua kuliko mimi. Ulisimama ukauliza?"

Mzee Milimita akavua miwani, akaipangusa kwa shati. Ilikuwa nafasi yangu, pana kama mlango wa ghala, na mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Viatu vya bluu, kimoja kimechubuka ncha.

"Nilifuata sampuli," akasema.

Bosi akasema anataka maelezo kwa maandishi kesho kabla ya saa sita, yenye sahihi. Kama aliuliza, aandike alimuuliza nani. Kama hakuuliza mtu, basi miezi saba iliyobaki hatakuwa nayo hapa, hata kama alimbeba yeye Bosi mgongoni utotoni. Na kweli alimbeba, kila mtu anajua.

Kwenye korido nilimwita, "Mzee." Akageuka, akangoja. Nikasema pole. Pole! Kama mtu aliyejikwaa. Akaitikia ahsante, akaenda kunawa mikono.

Mama nimemwambia nina homa.

Jumatano, 2 Aprili

Saa tano na robo. Naandika nikiwa mezani, daftari liko juu ya mapaja.

Nimekuja asubuhi na mapema nikiwa nimeamua. Nimefika mpaka mlango wa Bosi. Nikasikia anamwambia mtu kwenye simu kwamba mbunifu wake ni dhahabu, tatizo lilikuwa karakana tu. Nikarudi. Miguu ilirudi yenyewe – la, si miguu. Ni mimi niliyerudi.

Saa tano kasoro Mzee Milimita amekuja. Amevaa shati la kazini lililopigwa pasi. Amevuta kiti, akakaa, akasema anaomba nimpigie maelezo yake kwenye kompyuta, kama ninavyompigia barua zake zote. Yeye na kompyuta hawapatani. Nilidhani ananidhihaki. Nikamtazama usoni, hakuna dhihaka.

Akawa anasema, mimi naandika. Jina lake na kazi yake. Miaka thelathini na minne. Tarehe aliyokabidhiwa sampuli. Tarehe aliyoanza kuchonga. Anasema taratibu, kwa vituo, kama anavyosoma vipimo. "Tarehe kumi na nane Machi, saa nne asubuhi, niliona kwamba sampuli haina tundu lililo kwenye mchoro. Nikasimamisha kazi." Nikangoja sentensi inayofuata.

Hakuisema.

Akasema, "Hapo malizia wewe."

Nikamwambia, Mzee, haya ni maelezo yako. Akasema ndiyo, na atayatia sahihi vyovyote yatakavyokuwa. Lakini hilo la aliyeulizwa halitatoka kinywani mwake. Amenilea kwenye kazi hii, hawezi kunishtaki, na uongo nao hawezi kuusema kwa mdomo wake. Kwa hiyo amenipa mimi. Kisha akasema anakwenda kumpigia simu Shangazi kumjulia hali, akirudi tuchapishe.

Aliweka kalamu yake mezani, tayari, mbele ya kibodi yangu. Akafunga mlango polepole.

Huu ni mwezi wa ngapi najiita mtu mwema? Najua la kuandika. Ni neno moja, cheo changu mwenyewe. Nimeliandika: "Nikamuuliza mbunifu." Nikalitazama. Nikamwona akilini Mama dirishani, akisubiri nirudi kutoka kazini nikiwa bado na kazi. Nikalifuta.

Sasa pameandikwa, "Sikumuuliza mtu." Limeenea vizuri kwenye mstari, limekaa kama limezaliwa hapo. Kile kistari cha kompyuta kinapepesa mwishoni, kinangoja. Sijaligusa tena.

Namsikia kwenye korido anacheka na Shangazi kwenye simu. Anamwambia haya, dada, nipo na binti yangu hapa, anamalizia kuniandikia. Anaaga. Anakuja.