Paka wa Baba Anajilamba

Mwenzangu, upo? Nimetoka kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

Asubuhi nilikuwa namchana paka manyoya kama kawaida, kitana kikakwama. Nikamgeuza. Tumbo lote upara, ngozi nyekundu. Anajilamba mpaka anajichubua.

Mama akang'ang'ania tuende wote. Mama yuleyule ambaye tangu tumzike baba hatoki hata barazani, na habari za baba hataki kuzisikia.

Daktari, kijana mpole tu, akampekua paka manyoya pole pole. Hakuna viroboto, hakuna fangasi. Akasema paka mwenye majonzi hujilamba hivi. "Kuna kilichobadilika nyumbani, mama?"

Mama akasema hakuna.

Hakuna, wewe. Na mimi nimesimama pale na haya zangu.

Akauliza tena. Mama akajibu, "Labda sabuni. Tulibadilisha sabuni ya kufulia."

Sabuni! Daktari wa watu akaamini. Akasema basi huenda ni mzio, akaanza kuvuta dawa kwenye sindano. "Rudini kwenye ile ya zamani."

"Tutarudi," mama akasema, sauti kavu.

Sindano ilipokaribia, mama akafunika lile tumbo kwa kiganja. Hakukiondoa.

"Usimchome, mwanangu. Sabuni haina kosa. Mume wangu amekufa. Huyu alikuwa analala kifuani kwake, na mimi kila usiku namfungia nje ya chumba."