Pini za Baba kwenye Kabati la Boila

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia kuungama, kabla hujasikia kwa mwingine: ile saa yako ya hita tumeing'oa. Ilikuwa juzi asubuhi, mbele ya Mama, na kwa ridhaa yake. Wala sijuti. Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu ulipotuacha.

Unakikumbuka kile kisanduku cheupe ndani ya kabati la boila iliyopasha moto maji na nyumba nzima, duara lake la saa ishirini na nne na pini zake, nyekundu za kuwasha na za buluu za kuzima. Kila Ijumaa, ukishavaa kanzu, ulikuwa ukibandua ratiba ya sala kwenye friji na kwenda nayo kabatini. Alfajiri ya London haitulii, wiki hii iko hapa, wiki ijayo iko kule, na wewe uliifuata kwa ncha ya kidole. Miaka ya tisini, nilipokuwa mdogo, ulininyanyua nione. "Nusu saa kabla ya adhana," ulisema, "mama yako apate maji ya moto ya kutawadhia." Niliponyoosha mkono ulinipiga kikofi. Kile kilikuwa chako, hata fundi hakuruhusiwa kukigusa.

Sala ikiisha, hita nayo ilizimwa mpaka jioni. Tukilalamika ulitwambia tuvae sweta, eti joto la mashine linakausha kifua. Tukavaa. Nyumba nzima pale Kilburn tulikaa sebuleni kama watu wanaosubiri basi.

Ulipofariki Aprili, pini zilibaki pale ulipoziacha Ijumaa yako ya mwisho. Mama akakaa eda, hatukutaka kumsumbua. Eda ilipoisha kulikuwa na joto, nani atakumbuka hita? Mpaka Desemba, siku moja nimetoka zamu asubuhi nikapita kumpelekea dawa zake. Nilimkuta juu ya msala amevaa koti lako na soksi mbili mbili, vidole vimekakamaa hata tasbihi haimtii. Hita ilikuwa imewaka kwa alfajiri ya Aprili, inayowahi kuliko ya Desemba, ikazimika yeye hajaamka. Alikuwa akitawadha kwa maji baridi kwa majuma, na hakuniambia.

Nikaenda kabatini kuzisogeza. Alinifuata akanishika mkono.

"Usiguse. Hapo ndipo mkono wake ulipoishia."

Nikaziacha. Nikamnunulia kihita cha umeme, akakifunika kitambaa bila kukiwasha. Baadaye kikohozi kikampanda, na daktari akanieleza waziwazi kwamba kifua kile hakitastahimili baridi nyingine. Niliogopa, Baba. Niliogopa kukuzika wewe na yeye katika mwaka mmoja.

Nikampata fundi wa Kingsbury, Mgujarati mwenye mvi, mzaliwa wa Mombasa. Alipomsikia Mama akinigombeza kwa Kiswahili, aliweka sanduku lake la spana chini akacheka. "Mama, u hali gani?" Mama akasahau kununa. Akamsimulia habari yako yote, na yule mzee akaisikiliza yote, amesimama, bisibisi mkononi. Hakumbishia hata neno. Alilegeza skrubu mbili, akakitoa kisanduku kizima kizima, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Haijasogea hata pini moja, mama. Kiweke utakapo."

Wiki zote zile za kulia, kumbe dawa ni skrubu mbili! Mama alikifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akakiweka ndani ya kabati la nguo zako.

Fundi akabandika kidude kipya ukutani sebuleni, chenye tarakimu. Chenyewe kinapima joto la chumba na kuiambia boila iwake au inyamaze, bila waya. Akamgeukia Mama. "Haya. Wataka iwake saa ngapi?"

Mama akanitazama mimi, akaitazama picha yako. Ndipo nilipong'amua kwamba tangu tuje nchi hii hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Kutwa," alisema. "Mie nataka iwake kutwa. Nasikia baridi tangu siku tuliyoshuka kwenye ndege."

Tulicheka sote watatu, kisha nikaenda jikoni nikalia. Nilikukasirikia kidogo, nisikufiche. Miaka yote ile ulimwekea maji ya moto ya alfajiri, hukukosa wiki hata moja, na najua kule ndiko kumpenda kwako. Lakini hukumuuliza. Na mimi, niliyekulia humo humo nikijiona mjuzi wa kila kitu, sikumuuliza pia.

Leo nimepita tena. Nje kuna theluji. Amenifungulia mlango amevaa dera la mikono mifupi, anaimba, kikohozi kimepungua. Nimesimama pale mlangoni nikimtazama mpaka akaniuliza nina nini. Katika maisha yangu yote, Baba, sikuwahi kuiona mikono ya mama yangu mwezi wa Januari.

Pumzika. Mkeo hasikii baridi tena.

Mziwanda wako