Mkwe wa Kinyago ni Wangu

Jumatatu, 6 Januari

Nina miaka sabini na minane. Nimezika wake wawili. Nimeishi kuliko serikali zote nilizozipigia makofi, kuliko banda la video la Majengo hapa Kismayo, kuliko kambi ya wakimbizi ya Mombasa ambako wenzangu walikufa kwa unyonge tu. Bado natafuna papa mkavu kwa meno yangu. Naandika herufi kubwa kwa sababu ndogo sizioni. Si kwamba sizijui.

Leo kama kila Jumatatu. Kahawa kwa Somoe, binti yangu, nyuma ya soko la samaki. Benchi limejaa. Zamani wachu, yaani watu kwa Kibajuni chetu, walikaa wakinigeukia mimi. Sasa wanaigeukia simu ya Shebwana, mzee mwenzangu, imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Ndani yake vijana wawili, Madi na Twaha. Wajukuu wa watu wa Chula, kisiwa chetu, wamezaliwa Mombasa. Wanazungumza mieleka ya zamani na kufanya mzaha. Podikasti, ndivyo inavyoitwa. Jumapili wanaitoa, Jumatatu sisi tunaisikiliza.

Nilijikaza nisicheke. Nikacheka. Twaha ni hodari kweli, anajua nani alimwangusha nani na nani alilipwa aanguke. Madi anaucheka mzaha wake kabla haujafika. Lakini wanachekesha, wote wawili. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 7 Januari

Niliandike hili lisipotee. Kabla ya simu hizi, Kismayo nzima ilisikia mieleka kwa mdomo wangu. Kaseti zilikuja na Kiingereza, na hapakuwa na wa kukijua. Mwenye banda alizima sauti. Mimi nikakaa juu ya kreti kando ya televisheni, nikasema wanachosema. Kwa Kibajuni, na kwa Kisomali wakija wageni. Kiingereza na mimi sikukijua. Sikukihitaji. Mtu akimnyanyulia mwenzake kiti juu ya kichwa, utashindwaje kujua anamwambia nini?

Kazi yangu kubwa ni Kinyago. Alikuwa mpiganaji mmoja aliyefunika uso wote, macho tu yanaonekana. Watu wakauliza, huyu anajificha nini? Mle kwenye kaseti, mstari wa mbele wa watazamaji, kulikaa mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, ana miwani na mkoba mapajani. Nikawaambia, yule ni mkwewe. Basi. Hakuna aliyeuliza tena. Mwanamume gani atasimama na chupi mbele ya mama mkwe, na uso uko wazi? Tangu siku hiyo Kinyago akianguka banda zima linamtazama yule mama. Akishinda, wanawake waliosimama dirishani wanampigia vigelegele mkwe, si yeye.

Jana nilimsikia Twaha akisema Kinyago alificha uso kwa kuwa alikuwa anapigana kwa jina jingine mji wa pili. Inawezekana. Yangu ni bora.

Ijumaa, 10 Januari

Baada ya swala, kahawa. Wale vijana wameomba wasikilizaji watume sauti. Waeleze kwao mieleka ilitazamwa vipi. Benchi zima likanigeukia mimi. Hilo nililipenda.

Somoe akasema atanishikia simu, niseme maneno mawili tu. Nikakataa. Mimi si mtu wa kupanga foleni na kila mwenye mdomo. Wakinitaka, Kismayo wanaijua, waje. Somoe alikaa akinibembeleza mpaka kahawa ikapoa.

Shebwana alikuwa anakoroga kikombe chake, na hanywi sukari yule. Hilo nilipaswa kuliona pale pale.

Jumatatu, 13 Januari

Mwizi.

Shebwana alikuwa mwasha jenereta wa banda. Alikaa nje kwenye moshi. Kila alichokijua alikisikia kupitia ukuta wa mabati, kutoka kwangu. Leo sauti yake imetoka kwenye podikasti. Ameeleza kreti, dirisha, yule mama na mkoba wake. Halafu: "Nikawaambia wachu, yule ni mkwewe." Nikawaambia. Yeye.

Madi alicheka hadi tukasikia kiti chake kikianguka. Twaha amesema hajapata kusikia jambo zuri kama hilo katika mieleka yote. Wamempa jina, Babu Mkwe. Wanamtaka tena.

Benchi lilicheka. Kisha wakanitazama. Kisha wakatazama vikombe.

Nilimwambia mbele yao wote kwamba ameniibia. Hakuinua hata sauti.

"Wewe ulikataa, Lali. Ulitaka izikwe na wewe?"

"Ni yangu."

"Haya, yako. Na umeme ulikuwa wa nani? Ningezima jenereta ungemsimulia nani, ukuta?"

Wakacheka tena. Upande wake.

Jumatano, 15 Januari

Siendi. Nakunywa kahawa yangu nyumbani. Mbaya.

Nimemruhusu Somoe anirekodi. Nilisema mpaka simu ikapata moto. Nikaanza na kuzaliwa kwangu Chula ili wajue wanasema na nani. Jioni wamejibu kwa adabu zote. Salamu nyingi babu, hadithi hiyo tayari tunayo kwa Babu Mkwe, tunashukuru. Wananishukuru mimi kwa changu.

Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa mke. Kwa mashua. Kwa sauti ya kusoma maulidi. Hakuna ulionila kama huu. Nataka Shebwana aharibikiwe mbele za watu. Nimeliandika, na libaki.

Jumamosi, 18 Januari

Somoe aliniambia asubuhi. Alasiri vijana watampigia Shebwana na kumrekodi hapo hapo. Wamemtumia Athumani, fundi cherehani, pambano ambalo halijapata kufika Kismayo. Litaonyeshwa kwenye simu ya Athumani, halina sauti, na Shebwana alisimulie kama zamani. Nikavaa kofia yangu ya kudarizi nikaenda. Sikwenda kusuluhisha. Nilikwenda kumwona akizama.

Akazama. Kwenye kioo jitu moja refu kama mlingoti, na mtu mfupi mwenye taulo shingoni. Shebwana akasema, "Huyu mkubwa. Huyu... huyu mdogo." Akasema mkubwa amemshika mdogo. Akaishia hapo. Madi kule akauliza, "Babu Mkwe, upo?" Jasho likamtoka mpaka kwenye kidevu.

Nilifurahi. Sisemi uongo, ilikuwa tamu.

Lakini benchi lilikuwa limeinamisha vichwa. Huko Mombasa watasema banda letu halikuwa na kitu, wazee walijipamba tu. Na wakati huo yule mfupi akalivua taulo, akalikunja pole pole, akaliweka pembeni. Nikaona vile anavyolikunja. Mdomo ukanitangulia. Nikainama begani kwa Shebwana, karibu na simu.

"Taulo si lake. Ni la mkewe, la arusi. Ameambiwa likirudi na doa, leo alale kwa mamake."

Jitu likalinyakua taulo likajifutia kwapa. Sikupanga mimi, Mungu alinipangia. Nikamsemea mfupi: "Nivunje mbavu, ndugu yangu, mbavu ni zangu. Taulo lina mwenyewe." Nikaendelea mpaka mwisho. Somoe aliweka birika chini. Athumani alilia kwa kucheka, akafuta macho kwa kitambaa cha mteja. Mombasa walikuwa hawana pumzi.

Madi akasema, "Babu Mkwe, leo umerudi ujanani."

Shebwana akaishika simu kwa mikono miwili. "Si mimi. Ni Lali. Hata zamani alikuwa Lali."

Mtandao ulikuwa umekatika. Akapiga tena, haikuita. Hawakusikia. Benchi lilisikia.

Jumatatu, 20 Januari

Imetoka jana. Babu Mkwe hivi, Babu Mkwe vile. Shebwana aliwatumia masahihisho, lakini yalifika wameshaitoa. Wamejibu wataangalia.

Nimesikiliza yote. Sauti yangu nzuri, haijazeeka. Jina la mtu mwingine. Wivu haujatoka, na simwambii mtu kwamba umetoka. Shebwana alinisogezea kikombe changu. Nikanywa. Baadaye akaniuliza yule mfupi alilala wapi siku ile. Nikamwambia. Tukakaa.

Atakayebisha amuulize Somoe, alikuwa na birika mkononi. Amuulize Athumani, simu ilikuwa yake. Amuulize Shebwana mwenyewe. Ni mwizi, lakini si mwongo.