Sura Yangu Kwenye Kopo

Dada yangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Shemeji mgongo umempa nafuu? Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi mwili haujambo, ila moyo unatokota. Barua ya kwanza niliichana kwa sababu ilijaa matusi. Katika hii nimejizuia.

Kama ujuavyo, mwaka huu wa mwisho sisi wa lishe tunafanya mazoezi hospitalini. Nimepangiwa wodi ya watoto wenye utapiamlo. Napima mikono yao kwa utepe, nachanganya maziwa ya tiba, na nazungumza na akina mama kuhusu wanachopika. Ulizoea kunitania eti nasomea shahada ya uji. Nami nilicheka. Njoo basi uone huo uji unavyoamua nani arudi nyumbani.

Wiki iliyopita aliletwa mtoto wa kike, miguu imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zimekuwa nyepesi, ngozi inabambuka mapajani. Anachomwa sindano na anakutazama tu, kama mzee aliyechoshwa na maneno.

Mama yake ni mshonaji, mdogo kuliko mimi. Nilimuuliza anamlisha nini. Badala ya kujibu alitabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema anashukuru kunikuta mimi mwenyewe, maana sasa mwanawe atapona. Nikadhani amenifananisha. Akafungua mkoba, akatoa kopo la unga. Na kwenye kopo nipo mimi, nimevaa koti jeupe, nacheka! Ile picha niliyokutumia siku yangu ya kwanza maabara, ukaniambia utaitundika sebuleni. Chini yake pameandikwa kwamba mtaalamu wa lishe anathibitisha unga huu ni bora kuliko maziwa ya mama.

Yaani alimwachisha mwanawe ziwa kwa kuuamini uso wangu.

Niliupeleka unga huo maabara ya chuo. Ni wanga na sukari, na rangi kidogo. Protini karibu hakuna. Nikakupigia simu nikiomba Mungu uniambie kwamba picha iliibwa. Ukacheka. Ukasema, "Mdogo wangu, acha kujifanya. Unga haujaua mtu." Ukasema kila mtu anahangaika kutafuta riziki, tena wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mama alipofariki, kwa hiyo sura hii nusu ni yako.

Siku ile nilikata simu. Leo nakujibu. Ni kweli ulinibeba. Ulinitafunia chakula nilipokuwa sina meno. Ulijua mtoto anahitaji nini kabla mimi sijafundishwa darasani. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba hukujua.

Nilimweleza yule mama ukweli wote, nimesimama mbele ya kitanda. Hakunitukana. Aliomba tu apewe mhudumu mwingine. Uvimbe wa mwanawe umeanza kushuka, lakini bado hajatoka hatarini.

Dada, wenzangu walinishauri niseme siwajui wauzaji wa unga huo. Nimesema nawajua. Nimemtajia msimamizi wangu jina lako, mtaa wako, na kile chumba cha nyuma mnamofungashia unga, naye amewaarifu wakaguzi. Utakapokuwa unasoma hapa watakuwa wameshafika. Sikukudokeza kwa makusudi, maana ungehamisha makopo.

Usimtume shemeji aje kunibembeleza nifute maneno yangu. Kama bado una huruma, wateja wako unawajua kwa sura. Wapitie nyumba kwa nyumba, kabla hata hujaniapiza, uwaambie wauache huo unga na wawapeleke watoto wakapimwe.

Wape watoto salamu zangu. Wakikuuliza kwa nini mama mdogo wa chuoni haji likizo hii, usiwadanganye.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja, na hilo silikani.