Ukuta wa Mavuno

Mkomaindo, Masasi
4 Agosti 1996

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kiuno kimepata nafuu. Mimi sijambo, nala vizuri, nalala vizuri, na kucha zimejaa rangi kama unavyonijua.

Tangu maduka ya watu binafsi yazuke hapa mjini, nimechora vibao vya sabuni na soda mpaka nimevichoka. Kwa hiyo kanisa la Chiwata liliponiomba nichore ukuta wa nyuma ya madhabahu kwa sikukuu ya mavuno, nilifurahi mno. Mzee Yeremia, mwenyekiti wa kamati, akanipa kalenda iliyotoka Ulaya niige ngano na zabibu. Nikaiga. Kina mama waliokuja kufagia wakaulizana yale ni majani ya kuezekea nyumba ya nani. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo nikapanda kuja kwako Mnyambe, nikakudanganya kwamba nimekuja kupumzika. Asubuhi ile nilienda shambani peke yangu. Mikorosho ilikuwa imechanua, umande haujakauka, harufu imetanda kila mahali. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kila nilichokiona, nikikitaja kimoja kimoja: mihogo, kunde, udongo mwekundu, macho yangu mwenyewe. Nilipoinuka nilijua cha kuchora.

Niliporudi nilifuta ngano na zabibu zote. Sasa ukutani kuna mabibo, mihogo, mtama, na kina mama wakipanda mteremko na ndoo za maji kichwani. Mzee Yeremia aliwatazama mmoja mmoja, kisha akauliza kati yao mkewe ni yupi.

Mama, kuna jambo nimekuficha. Katikati yupo mwanamke amepiga magoti, anamimina unga wa mtama shinani mwa mti. Ni wewe. Mwaka ule nilipougua surua, ukaambiwa sitapona, nilikuchungulia dirishani ukimimina unga hivyo hivyo, ukiwaomba wazee wetu waliotangulia na Mungu pamoja, huku unalia. Najua wewe ni kiongozi wa kina mama kanisani, na hukumwambia mtu. Padri aliuliza huyo ni nani. Nikamjibu ni mtu aliyeomba akajibiwa, na jibu lenyewe ndilo lililoshika brashi. Akasema picha ibaki, mradi mwenyewe aridhie.

Sikukuu ni Jumapili ya tarehe 18. Njoo uitazame kwanza. Ukisema nifute, nitafuta mbele yako. Ila ujue chokaa ya kufutia sijanunua.

Nisalimie dada Oliva na majirani wote.

Mwanao uliyemwombea,
Mabel